Fundi kaniharibia kioo cha bafuni: nilimwambia kilingane na marumaru, yeye kakibandika kwa saruji!

Wakuu, nina hasira mpaka mikono inatetemeka.

Nilitaka kitu kimoja tu. Kioo cha bafuni kilale sawa na marumaru, ukipitisha kiganja kutoka ukutani mpaka kwenye kioo usikute ngazi. Sikutaka cha kuning'iniza wala cha kubandika juu ya marumaru. Fundi nilimwambia kabla hajapanga hata kipande kimoja. Marumaru ni za 30 kwa 60, kwa hiyo tuliacha nafasi ya vipande sita juu ya sinki, viwili kwa upana na vitatu kwenda juu, kiingie kioo cha sentimita 120 kwa 90. Akaniitikia, "Hiyo ndogo, mama."

Ndogo! Marumaru zangu zina unene wa milimita 9, gundi chini yake 4. Jumla 13 kutoka kwenye plasta. Kioo ni milimita 5, gundi yake 3. Jumla 8. Zinapungua 5, na hizo 5 zinajazwa ukutani KABLA kioo hakijaletwa: unaongeza plasta kwenye ile nafasi, unainyoosha kwa rula ndefu na pima maji, unaiacha ikauke kabisa. Nilimchorea yote kwenye boksi la marumaru. Akaniuliza, "Mzee anarudi lini? Nitaongea naye." Mzee yuko kazini Mtwara. Nyumba naisimamia mimi, hela natoa mimi, na hesabu ilikuwa mbele ya macho yake!

Siku ya kioo nilikuwa kazini. Narudi jioni, kimeshabandikwa. Plasta hakuongeza. Alipiga mabonge matano ya saruji nyuma ya kioo, akakisukuma, kisha akazungushia grauti (ile saruji laini ya kujazia mianya ya marumaru) pembeni kama vile nacho ni marumaru. Kushoto kimezama milimita 3, kulia kimetokeza 2. Kingo hazijasuguliwa, ni kali vilevile zilivyotoka kukatwa. Mwanangu wa miaka minne alipanda kistuli apige mswaki, akashika ule upande uliotokeza, kidole kikachanika. Hapo ndipo nilipolia.

Sasa ni mwezi wa tatu tangu kibandikwe na kioo kinaliwa na weusi kutoka pembeni kuja katikati. Ingekuwa ajabu kama kisingeliwa. Nyuma ya kioo kuna utando mwembamba wa fedha, na kinachoulinda ni rangi tu. Saruji mbichi ina ukali kama wa magadi, na maji yakiingia kidogo kidogo ukingoni, fedha inakwisha. Hata gundi ya silikoni, ile yenye harufu ya siki, haitakiwi, asidi yake nayo inaharibu. Inatumika ile isiyo na asidi, unaipaka mistari ya kusimama ili unyevu upate pa kutokea. Na pembeni unaacha milimita 3 kila upande, unajaza silikoni. Grauti ikikauka inakuwa ngumu, inapasuka, maji yanapita. Haya nimeyajua kwa kuuliza duka la vioo, dakika kumi tu. Mtu anayejiita fundi kwa miaka yote hiyo alishindwaje kuuliza?

Nilipompigia akasema kioo ni feki. Kioo kile kile, wenye duka walikata kipande kingine kutoka bamba hilo hilo la kioo kwa ajili ya chumbani kwangu, na hakina doa hata moja! Sasa simu hapokei. Kioo 120,000, kazi 80,000, vyote nililipa taslimu.

Kinachoniuma zaidi ni marumaru. Zimebaki mbili nzima stoo, na dukani namba ya toni iliyo kwenye boksi langu imeshaisha. Mzigo mpya ni mweupe zaidi, ukiweka karibu unaonekana. Nikivunja zaidi ya mbili, ukuta mzima unaharibika.

Kwa hiyo naomba aliyewahi kutoa kioo kilichoshikwa na saruji anieleze alivyofanya. Nimeshakwangua grauti upande mmoja kwa msumeno mdogo wa mkono, inatoka. Tatizo ni yale mabonge matano. Mmoja kaniambia nibandike selotepu kioo chote nikivunje vipande vipande kutoka katikati, mwingine anasema grainda. Grainda karibu na marumaru naiogopa. Niko Goba, na kama kuna fundi atakayekubali nimpimie unene mwenyewe kabla hajagusa ukuta, aje PM.