Eti nilichopunguza ni mkojo! Mbele ya watu! Huyu mwenye filimbi ana shida gani na mimi?

Wakuu, naandika nikiwa bado nimevaa raba. Sijaoga, sijanywa chai, jasho limenikaukia mgongoni pamoja na vumbi la Dodoma. Nisipoandika sasa hivi nitamrudia yule mtu pale pale uwanjani, na wife atakuja kunitoa kituoni.

Mnamjua. Msijifanye hamumjui. Yule wa filimbi, kocha wa kupunguza watu uzito. Filimbi shingoni sokoni Majengo, filimbi shingoni msibani, nina uhakika hata kulala analala nayo. Ukimsalimia anakuangalia tumbo kwanza, ndipo anaitikia.

Sasa leo Jumamosi, saa moja asubuhi, mbele ya watu wasiopungua mia mbili (sawa, walikuwa ishirini na tatu, ila kwa aibu niliyoipata lilikuwa Bunge zima limekaa), napanda kwenye mizani yake. Anainama. Anasoma. Anapuliza filimbi. ANAPULIZA FILIMBI. Halafu anasema kwa sauti ya mnadani: "Mzee, ile wiki ya kwanza wewe hukupungua. Ulikojoa."

Ulikojoa!

Mama wa uji wa ulezi pale pembeni kaacha kumimina. Kikombe kimefika nusu, mkono umeganda hewani. Na kuna kijana wa ofisini kwetu, kaja juzi tu, mimi ndiye namsainia likizo. Kageuka kuangalia mlima kama vile hajawahi kuona mlima maishani. Mabega yanamtetemeka.

Ngoja niwape historia, msije mkasema nimeanza mimi.

Nilihamia huku wizara zilipohamia. Nikaja na kilo 78, familia nikaiacha Dar kwanza. Mwanamume peke yake, ofisi iko Mtumba, kutwa kwenye kiti, Jumamosi mnadani Msalato, mbuzi, ndizi, kachumbari, na kitu baridi. Mnada ule umenimaliza, wakuu. Mwezi uliopita nikapima, 96.4. Wife alivyokuja akauliza huyu baba tuliyemkuta humu ndani ni nani.

Nikampelekea mwenye filimbi elfu sitini yangu. Taslimu. Programu ya siku 28. Hakuna ugali, hakuna wali, hakuna chapati, hakuna soda, chumvi unashika kwa vidole viwili. Zabibu marufuku. Zabibu, Dodoma! Kila nikipita barabarani watoto wananyanyua vikapu, na mimi nageuza shingo kama nadaiwa. Nikabaki na mayai, kabichi na kuku wa kuchemsha ambaye alikufa bure.

Siku tatu za mwanzo nilikuwa naamka usiku mara nne kwenda msalani. Nikaogopa, nikaenda kupima sukari. Niko salama.

Siku ya saba napanda mizani: 91.8. Kilo 4.6 zimeondoka! Na huyu huyu bwana, kwa mdomo huu huu, akasema: "Hayo ni MAFUTA yanayeyuka, mzee wangu." Akapiga picha tumbo langu kwa pembeni, akaitupia kwenye kundi la WhatsApp na alama za moto kumi na moja. Nilizihesabu. Watu wanane wakalipa kwa sababu ya tumbo langu. Pigeni hesabu wenyewe, mimi nikipiga naumia.

Wiki ya pili, 91.5. Gramu mia tatu, uzito wa kifuko cha karanga. Ananiambia nimeiba ugali. Wallahi sikuiba. Nilikuwa naunusa tu watoto wakila.

Wiki hii ndiyo nimeteleza, nakiri. Alhamisi wageni wa ukoo, jana sendoff ya mtoto wa shemeji kule Kisasa. Pilau sahani mbili. Haya, tatu. Leo 94.0. Kilo mbili na nusu, siku mbili! Hata ningekula sufuria na mfuniko wake haifiki. Nikamuuliza kwa upole, bwana mdogo, mafuta uliyoyeyusha yamerudije haraka hivi? Ndipo akapuliza filimbi.

Yaani yakishuka ni mafuta yake, yakipanda ni mkojo wangu.

Mbele ya kijana ninayemsainia likizo.

Siti_ya_Mbele: Nimekaa paleee. Mama uji, nipe hicho kikombe kilichoishia nusu.

Kiwembe wa Chang'ombe: Nimesoma gazeti lote hili nikidhani kuna mtu amefariki. Kumbe mtu kakojoa.

Mama Wawili: NAMJUA HUYO!!! Mimi aliniambia eti miguu yangu na kiwiliwili havikutoka kiwanda kimoja. Mbele ya mume wangu. Mume akacheka. Huyo mume nilimnyima chakula cha usiku, na hapo ndipo nilipopungua kilo moja kwa hasira, bila kulipa sitini.

Mleta mada: Asante dada. Angalau wewe umenielewa. Na alipuliza filimbi?

Mama Wawili: Mara mbili.

Uwele na Mlenda: Kwanza nani alikutuma uache ugali? Bibi yangu yuko Mpwapwa, kala ugali wa uwele na mlenda tangu mkoloni, kiuno mpaka leo cha nyigu.

Mleta mada: Bibi yako analima kwa jembe, mkuu. Mimi nalima kwenye kompyuta.

Kijana_wa_Boda: Hii ni chai. Weka picha ya tumbo tuamini.

Ticha Mstaafu: Poleni wote. Mleta mada, nimefundisha baiolojia miaka mingi, naomba niseme kidogo, halafu mnitukane.

Mwili una ghala la wanga linaloitwa glaikojeni. Ini linabeba kama gramu 100 hivi, misuli kama gramu 400, mwenye mwili mkubwa zaidi. Sasa glaikojeni haikai kavu. Kila gramu moja imeshikana na maji kama gramu tatu. Ulipokata ugali na wali, mwili ukafungua ghala ukatumia akiba, na maji yale yakakosa wa kuyashika. Hapo peke yake ni karibu kilo mbili.

Halafu ukila wanga kidogo, insulini inashuka, na figo zinaanza kuachia chumvi. Chumvi haitoki bila maji. Na chumvi yenyewe ulikuwa unashika kwa vidole viwili. Ndiyo maana uliamka usiku mara nne. Ongeza na tumbo, maana mtu aliyezoea ugali mara mbili kwa siku anatembea na mzigo humo ndani, akianza kula kabichi na mayai mzigo unapungua. Bado mafuta hatujayafikia.

Sasa mafuta. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina kalori zipatazo 7,700. Kilo zako 4.6 zingekuwa mafuta matupu, hiyo ni zaidi ya kalori 35,000 kwa siku saba, yaani zaidi ya 5,000 kila siku. Mtu wa ofisini Mtumba anatumia labda 2,500 kwa siku nzima pamoja na kukimbilia basi la wafanyakazi. Hata ungefunga wiki nzima bila kutia kitu mdomoni, mafuta pekee yasingefika kilo mbili na nusu.

Mleta mada: Kwa hiyo Ticha na wewe unasema nilikojoa.

Ticha Mstaafu: Nasema ulikojoa, ukatoka jasho, na mvuke mwingine ukapumua. Ila mimi nasema kwa heshima.

Kiwembe wa Chang'ombe: 😂😂😂 Kwa heshima! Hii naichapisha kwenye fulana.

Mleta mada: Nisingekasirika kama angesema siku ya kwanza!! Alisema MAFUTA. Nina ushahidi wa picha na moto kumi na moja!

Ticha Mstaafu: Hapo una haki yako kamili, na elfu sitini yako nikiwa hakimu ningekurudishia. Alijua au hakujua, vyote vibaya. Wiki ya kwanza ndiyo wanayouzia hawa vijana, kwa sababu kila anayekata wanga anashuka haraka, hata akipewa programu na mbuzi. Na pilau yako ya Kisasa wala haikugeuka mafuta kilo mbili na nusu. Ghala limejaa tena, maji yamerudi, chumvi ya pilau imeongeza, na sahani ya tatu nadhani bado iko njiani.

Ila zile gramu 300 ulizozitukana, za kifuko cha karanga, huenda ndizo zilikuwa mafuta kweli. Mafuta hayana haraka. Mtu akijibana kalori 500 kila siku, ategemee kama nusu kilo kwa wiki, na kadiri mwili unavyopungua ndivyo unavyotumia kidogo, kwa hiyo hata hiyo inazidi kupungua. Pima asubuhi ukitoka msalani, kabla ya

Siti_ya_Mbele: Ticha umekatika! Kabla ya nini?

Ticha Mstaafu: Kabla ya chai. Mjukuu kanipokonya simu.

Dada wa Area C: Afadhali nyie mnaletewa kabichi. Mimi wangu alikuwa mwanamke, naye anajulikana, sitaji, anaendesha gari jeupe. Alinipa chai ya majani, kikombe kimoja usiku. Wakuu, nilikaa chooni siku tatu. Kilo tatu ziliondoka, na utu wangu ukaondoka nao. Nikaanza kubanwa misuli ya miguu. Daktari akaniambia hayo si mafuta, hayo ni kuharisha, na ninapoteza madini ya kuendeshea moyo. Nikala wali siku mbili, kilo tatu zote zikarudi zimekaa vile vile, kama zilikwenda kusalimia tu.

Kijana_wa_Boda: Huyo wa gari jeupe nilimpeleka boda hadi Nkuhungu gari lilipoharibika, akanilipa nusu eti mimi ni mwepesi nimetumia mafuta kidogo.

Uwele na Mlenda: Na mimi nilishasema. Mlenda.

Mleta mada: Jamani tusitoke kwenye mada. Kijana wa ofisini keshaanza. Sasa hivi kaweka kwenye status picha ya chupa ya maji, hakuandika kitu. Chupa ya maji tu.

Mama Wawili: 😂 Huyo usimsainie likizo.

Mleta mada: Simsainii!

Msomi wa Chimwaga: Swali kwa Ticha. Mimi ni mwanafunzi, mwisho wa mwezi boom (hela ya mkopo ya kujikimu) likiisha nakula mlo mmoja na napungua kilo mbili. Hiyo nayo ni maji?

Kiwembe wa Chang'ombe: Hiyo ni njaa, mdogo wangu.

Mwana Ilazo: Mimi nawashangaa. Yaani nyie mna maji mpaka yanapungua? Huku kwetu bomba lina siku tano linapumua hewa. Ukifungua linapiga mluzi kama huyo bwana wenu wa filimbi.

Dada wa Area C: Ndugu yangu umenikumbusha! Bili imekuja lakini. Bili haikosi njia.

Mwana Ilazo: Bili inapanda, maji yanashuka. Wale jamaa wa mabomba mnawajua, sitaji. Nilipiga simu, nikaambiwa "yatatoka usiku". Nimekesha na ndoo mpaka saa tisa. Nimepungua kilo mbili hapo hapo kwenye ndoo.

Ticha Mstaafu: Hizo nazo ni maji.

Siti_ya_Mbele: 😂😂😂

Mama Wawili: Kuna fundi tenki pia, mnamjua, ana meno ya mbele mawili. Kachukua laki mbili yangu ya stendi ya tenki tangu Pasaka. Nikimpigia anasema yuko Kibaigwa. Miezi yote hii, Kibaigwa! Kibaigwa ni wapi, nje ya nchi?

Kijana_wa_Boda: Huyo wa meno mawili nilimuona leo hapa Sabasaba anakula chipsi.

Mama Wawili: SABASABA WAPI? Upande gani? Natoka sasa hivi.

Mleta mada: Wakuu. Uzi wangu. Alipuliza filimbi. Mbele ya watu.

Mwana Ilazo: Pole mkuu. Hivi boza la maji la lita elfu tano siku hizi linakwenda shilingi ngapi mpaka Ilazo?

Dada wa Area C: Inategemea na huruma ya dereva. Nina mmoja mzuri, hapandishi bei ovyo, njoo chemba nikupe namba.

Kijana_wa_Boda: Mama Wawili wahi, kaagiza na mishikaki.

Mleta mada: Dada wa Area C, huyo wa boza na mimi nitumie namba. Nimefungua bomba hapa na bado sijaoga.