Velositi ya aliyezunguka uwanja kuwa sifuri: naomba kuelekezwa

Mzazi wa Wete:
Assalaam alaykum. Binti yangu wa kidato cha pili amerudi na karatasi ya jaribio la fizikia huku analia. Swali lilihusu mwanariadha aliyezunguka uwanja wa mita 400 kwa sekunde 80, akarudi palepale alipoanzia. Aliulizwa velositi ya wastani, akagawanya 400 kwa 80, akaandika mita 5 kwa sekunde, akakoseshwa. Jawabu waliyopewa ni sifuri. Mimi fizikia sikuisoma, na sioni vipi mtu aliyekimbia hadi akaloa jasho aambiwe velositi yake ni sifuri. Naombeni mnieleweshe ili nami nimweleweshe.

Mwalimu wa Chake:
Wa alaykum salaam, mzee wangu. Hesabu ya binti ni sahihi, ila amejibu swali ambalo hakuulizwa. Mita 5 kwa sekunde ni mwendokasi, unaotokana na umbali, yaani urefu wote wa njia iliyopitwa. Velositi hutokana na mhamo, nao ni mstari ulionyooka kutoka mtu alipoanzia hadi alipoishia, pamoja na upande alioelekea. Aliyerudi alipoanzia hana mstari wa kuchorewa, kwa hiyo mhamo wake ni sifuri, na sifuri ukiigawanya kwa sekunde 80 hubaki sifuri. Tafadhali mwoneshe neno «wastani», kwani katika kila nukta ya mbio zile mwanariadha alikuwa na velositi, nayo ilibadilika kila alipokata kona, hata kama mwendokasi wake ulikuwa uleule.

Nahodha wa Nungwi:
Sisi wa baharini jambo hili tunaliishi. Upepo wa kaskazi ukivuma, na madema yetu, yaani mitego ya samaki, yako upande huohuo unakotoka upepo, ngarawa haiwezi kuyaendea moja kwa moja, basi tunakwenda bisho, yaani kwa kukata pembe huku na huku. Tuseme nimekwenda kilomita 3 mashariki, nikageuza tanga, nikaenda kilomita 4 kaskazini, na yote yamechukua saa moja. Chombo kimekata kilomita 7 za maji, lakini ukivuta uzi kutoka pwani hadi kwenye dema utapata kilomita 5 tu.

Mwalimu wa Chake:
Ahsante sana, Nahodha, mfano huu nitauchukua darasani. Mwendokasi wa wastani ni kilomita 7 kwa saa, na velositi ya wastani ni kilomita 5 kwa saa, kuelekea nyuzi 53 kutoka mashariki kwenda kaskazini.

Mzazi wa Wete:
Nimemchorea binti ngarawa hiyo, naye akaipata 5 mwenyewe kwa kanuni ya Pitagorasi. Anauliza kama mhamo unaweza kuushinda umbali.

Mwalimu wa Chake:
Hauwezi kamwe. Hulingana pale tu mtu anapokwenda moja kwa moja bila kukunja wala kurudi nyuma. Mkumbushe pia kuandika upande kila anapoulizwa mhamo au velositi, kwa sababu namba peke yake haijakamilisha jawabu.