Natoka stoo nataka kuhamia kwenye kutengeneza websaiti, miezi 8 ya kozi za mtandaoni ila nikifungua faili tupu nakwama

mtunza_stoo

Wakuu habari za muda huu. Nina miaka 34, kazi yangu ni utunza stoo, kupokea mzigo, kutoa mzigo, kuandika leja na kila mwisho wa mwezi kuhesabu, huu ni mwaka wa 9. Miezi 8 iliyopita nikaamua nijifunze kutengeneza websaiti, digrii ya kompyuta sina na chuo siwezi kurudi kwa hiyo nasoma mtandaoni usiku watoto wakishalala, saa 4 mpaka saa 6, siku nyingine nasinzia video haijafika hata nusu. Nimemaliza cheti cha Responsive Web Design (websaiti zinazokaa vizuri kwenye simu na kompyuta) cha freeCodeCamp, tovuti ya kujifunza bure, na kozi mbili za video, moja ya HTML na CSS (muundo na mwonekano wa ukurasa), nyingine ya JavaScript (lugha inayoufanya ukurasa ufanye kazi).

Sasa tatizo langu ni hili, nikiangalia video naelewa, mwalimu akiandika loopu (amri za kurudiarudia) na mimi naandika, akitengeneza menyu natengeneza, inakubali. Jumamosi nikasema leo nafanya cha kwangu bila video. Nikafungua VS Code (programu ya kuandikia kodi), faili jipya, nimekaa dakika 40 nimeandika html, head, body basi, mkono umegoma. Niliumia sana, nikawa najiuliza miezi yote hii nilikuwa nafanya nini.

Naombeni ushauri, niingie React (maktaba ya JavaScript ya kutengenezea kurasa) au nianze upya JavaScript? Kuna jamaa kanishauri niache kazi nisome kutwa nzima miezi mitatu ndo nitatoboa, ila nina familia. Na hizi AI zinazoandika zenyewe, kweli bado kuna nafasi ya mtu kama mimi?

chaki_ya_zamani

Pole ndugu yangu, ila hujapoteza miezi 8. Kumfuata mtu akiandika na kuandika mwenyewe ni vitu viwili tofauti kabisa, wewe umefanya kimoja tu mpaka sasa. Kwenye video yule mwalimu ameshaamua kila kitu kabla hajawasha kamera, kwamba kuna safu ngapi, data inakaa wapi, batani ikibonyezwa inatokea nini. Wewe umenakili majibu ya maamuzi ambayo hukuyafanya, ndo maana faili tupu linakutisha, linakudai maamuzi.

Mimi nilikuwa mwalimu wa hesabu na ilinichukua miaka miwili ya usiku na wikiendi mpaka kupata kazi ya kwanza ya developa. Nilikwama hapo hapo ulipo. Kilichonitoa ni kuacha kutengeneza vile vitu vya kwenye kozi, kikokotoo, orodha ya kazi, nikatengeneza kitu nilichokuwa nakifanya kwa mkono kila muhula, kupanga matokeo ya darasa. Nikaandika ikapanga namba, nikafurahi, afu nikaona wanafunzi wawili wamefungana nafasi ya 3 na anayefuata programu imempa ya 4. Kwa utaratibu niliokuwa naufuata huyo ni wa 5! Hakuna kozi iliyonifundisha hilo, nililijua kwa sababu nimejaza zile fomu kwa kalamu miaka. Nilihangaika siku tatu na kile kipengele kimoja na nakuambia ukweli zile siku tatu zilinifundisha JavaScript kuliko kozi nzima.

Kwa hiyo fanya leja yako. Kabla hujagusa kompyuta chukua karatasi uandike kwa Kiswahili cha kawaida tu, mzigo ukija nafanya nini kwanza, nini kinafuata, salio linabadilikaje, kitu gani hakiruhusiwi kabisa. Utashangaa nusu ya programu iko pale. Halafu anza na bidhaa MOJA, fomu moja, batani moja.

kijogoo88

Kazi usiache mkuu. Miezi mitatu ni michache mno halafu ukishakuwa na presha ya mahitaji ya nyumbani kichwa hakisomi, utaanza kurukaruka kozi hii na ile ukitafuta ya haraka. Masaa mawili kila usiku ni masaa 60 kwa mwezi, hiyo siyo kidogo. Ila hayo masaa usiyamalizie kwenye video, video dakika 20 zinazobaki andika.

mkaguzi_wa_pull

Niongezee upande wa anayepokea maombi maana huwa nakaa kwenye intaviu za wanaoanza. Vyeti sivipuuzi, vinaonyesha mtu ana subira, lakini havijawahi kuniamulia. Nafungua GitHub ya mtu (tovuti watu wanakoweka kodi zao), nikikuta projekti ni ile ile ya kwenye kozi maarufu, rangi zile zile, naifunga kwa sababu haiwezi kuniambia kitu chochote kuhusu yeye. Nikikuta kitu kidogo, hata kama kina sura mbaya, kinatatua shida ya kweli na kimeandikwa kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, huyo namuita. Afu namuuliza maswali ya kawaida, kwa nini uliweka hiki hapa, ilikukatalia wapi, ulijuaje kosa liko wapi. Aliyetengeneza mwenyewe anaongea mpaka unamkatisha.

React subiri. Imetoka 2013, kabla yake watu wote walikuwa wanaapa kwa jQuery ya 2006, maktaba nyingine ya JavaScript, na fremuweki (vifaa vya namna hii) zitaendelea kuja, ila JavaScript yenyewe ipo tangu 1995 na zote zinasimama juu yake. Siku utakapoona unarudia kuandika vitu vile vile kila ukurasa na unachoka, hapo React utaielewa haraka kwa sababu utajua inakusaidia nini. Kingine, zoea kusoma MDN (tovuti ya maelezo ya HTML, CSS na JavaScript) ukikwama kabla ya kutafuta video.

Kuhusu AI sitakudanganya, kuingia kumekuwa kugumu kuliko zamani, ile kazi ndogondogo tuliyokuwa tunawapa wanaoanza nyingine inafanywa na AI sasa hivi. Ila AI ikikuandikia leja ya stoo, nani atagundua kwamba imeruhusu kutoa mzigo ambao haupo? Wewe utagundua ndani ya dakika moja. Tumia AI kuuliza "nieleze kwa nini hii inakataa", usiitumie kukuandikia wakati bado unajifunza, maana utarudi kule kule kwenye kunakili.

mtunza_stoo

Wakuu nimerudi baada ya wiki mbili. Karatasi imenisaidia mno, niliandika mistari 11 afu nikawa nageuza mstari mmoja mmoja. Nina fomu ya kupokea, fomu ya kutoa na salio linaonekana. Sasa kuna kitu kinanichanganya, nikitoa inapiga hesabu sawa, salio 20 natoa 5 inabaki 15. Nikipokea 5 kwenye salio la 20 inaniandikia 205!! Nimeangalia mistari yote miwili iko sawasawa, tofauti ni + na - tu.

chaki_ya_zamani

Hahaa hongera, hilo ni kosa zuri sana. Kinachotoka kwenye kisanduku cha fomu kupitia value siku zote ni maandishi, hata ukijaza namba. Alama ya - ina kazi moja tu, kutoa, kwa hiyo JavaScript inayageuza maandishi kuwa namba kimyakimya. Alama ya + ina kazi mbili, kujumlisha na kuunganisha maandishi, ikikuta maandishi inaunganisha, "20" na "5" ni "205". Zungushia Number(), inayogeuza maandishi kuwa namba, pale unaposoma kisanduku, fanya hivyo kwenye fomu zote mbili usiiache ile ya kutoa eti kwa sababu inakubali.

mtunza_stoo

25! Imekubali dada, nimemuamsha mke wangu aje aone. Pia nimeweka ikatae ukitoa zaidi ya salio na inaandika kwa rangi nyekundu. Sasa nikifunga brauza kila kitu kinafutika, nimesoma MDN nikaona localStorage (sehemu ya brauza ya kutunzia data), nimehifadhi orodha ya bidhaa ila nikiisoma inarudi [object Object],[object Object]

mkaguzi_wa_pull

Sababu ni ile ile ya 205, localStorage inatunza maandishi tu. Kabla ya kuhifadhi pitisha orodha kwenye JSON.stringify igeuke maandishi, ukiisoma pitisha JSON.parse irudi kuwa orodha. Ikikubali usiku huu iweke GitHub kama ilivyo, usisubiri ipendeze, utuwekee linki hapa.