Broderi ya mashini ao kwilti: nianze na mashini gani?

Kasapa_Polepole
Jambo yenu wote. Nataka kuanza broderi ya mashini na kwilti, zile blanketi za vipande vya kitenge. Si biashara, ni ya kupitisha wakati nyumbani. Nimebaki na tatu. Brother SE600, inashona na kubroda, iko kwa muuzaji mmoja hapa Lubumbashi, imetumika kidogo. Brother PE800, ndugu yangu ataniletea. Na Juki TL-2010Q, wanasema kwa kwilti hakuna kama ile. Muuzaji anataka jibu siku ya posho. Ninunue gani?

Mama_Debora_Katuba
Dada, umetaja majina ya mashini kama mtu anasoma katalogi, bei hakuna hata moja. Wanaomba ngapi? Umeme wa kwako unakaa saa ngapi kwa siku? Unajua kushona tayari ao unaanza kabisa? Na utabroda nini: shuka za arusi, mashati ya watoto, majoho ya kwaya? Bila hayo tutakujibu upepo.

Fundi_wa_Kenya
Kupitisha wakati kwa mashini ya mamia ya dola! Duniani kuna watu. Mimi niko na miaka kumi na nane ku mashini, mu Kenya, karibu na soko. Usinunue hata moja kati ya zile. Tafuta mashini ya zigizaga, ile Wasenegali wanabrodia bubu, zile kanzu pana za bazini. Goti linasukuma levye, mshono unapanuka ao unafinyika, na mikono yako njo programu. Hakuna skrini, hakuna komputa. Ikiharibika naifungua na turnevisi, saa ya chakula cha mchana imepona.

Bibi_wa_Kigoma
Fundi, Kenya sehemu gani? Nairobi au Mombasa? Halafu huku kwetu tunasema kudarizi, si kubroda.

Fundi_wa_Kenya
Kenya ya Lubumbashi, Mama. Ni komini yetu. Na huku ukiambia mteja utamdarizia shati, atakuuliza huo ni ugonjwa gani.

Nyota_ya_Bukavu
Tuache kamusi kwanza. Kasapa, hizo tatu hazifanyi kazi moja. SE600 kadri yake, ile fremu ya kushika kitambaa, ni sentimita 10 kwa 10. Jina la mtoto linaenea, ua la ku foronya linaenea, mgongo wa joho hauenei. PE800 kadri ni 13 kwa 18, lakini inabroda tu, huwezi kuunganisha nayo hata vipande viwili vya kitambaa. Juki ni kinyume chake. Haijui ua, haijui zigizaga, inapiga mstari mmoja ulionyooka, mpaka mishono 1,500 kwa dakika, na chini ya mkono wake kuna nafasi ya sentimita 21 na kitu, blanketi nzima ikiwa imeviringishwa inapita. Sasa wewe unataka maua ao unataka blanketi? Umeviandika kama vile ni kitu kimoja.

Kasapa_Polepole
Samahani sana. Kwanza mimi si dada, mimi ni baba wa watoto wanne. Nafanya kazi wiki mbili mu kariere upande wa Kolwezi, wiki mbili niko nyumbani, na hizo za nyumbani zilikuwa zinaishia mu nganda, ku baa. Nimechoka na nganda.

Bei: SE600 anaomba dola 450. PE800 ndugu anasema 700 mpaka mlangoni. Juki bado sijauliza. Umeme unakatika lakini niko na panno za jua na batri. Kushona najua kidogo, juu mke wangu alisoma kupe-kutiri, kukata na kushona nguo, na ile mashini yake ya miguu, Butterfly, iko hapa nyumbani, inashona vizuri.

Mama_Debora_Katuba
Papa, ungesema hiyo ya Butterfly mu mstari wa kwanza!

Nyota_ya_Bukavu
Kumbe uko na mashini ya kwilti nyumbani na unaulizia Juki. Papa Kasapa, kuunganisha vipande ni mstari ulionyooka, na hiyo Butterfly inaupiga bila hata umeme.

Chukua hesabu yangu. Kata vipande vya sentimita 11 na milimita 2, mshono uwe milimita 6 kila upande, kipande kitabaki sentimita 10 kamili. Blanketi ya 150 kwa 200 itakula vipande 300, 15 kwa 20. Kitenge cha yadi 6 chenye upana wa sentimita 115 kinatoa vipande 10 kwa upana, mistari kama 48. Kwa hiyo yadi 6 zinatosha na kubaki, lakini utachanganya rangi, si ndiyo raha yenyewe? Cha kuangalia ni ule mshono. Ukishona milimita 7 mahali pa 6, kila kipande kinapoteza milimita 2, na mwisho wa mstari wa vipande 15 umekosa sentimita 3. Mistari haitakutana tena hata ukiivuta. Mimi niliweka kipande cha plasta ku kibati cha mashini, milimita 6 kutoka ku sindano, nikafuata ukingo wake.

Katikati weka blanketi nyepesi ya zamani, usisumbuke kutafuta pamba maalumu. Na kitenge ukitie maji mbele ya kukata, hasa nyekundu na bluu ya bei ya chini. Mimi blanketi yangu ya kwanza nyeupe yake yote imekuwa pinki.

Umeme_Kampemba
Nimesoma haraka. Huyo ndugu wa PE800 anaileta kutoka wapi?

Kasapa_Polepole
Marekani, Michigan.

Umeme_Kampemba
Nilijua. Zile za kuuzwa kule ni volti 120. Huku ni 220. Uichomeke hivihivi, utaona moshi mbele ya ua. Utahitaji transfoma, tena ya kweli, si kile kidude cha mashini ya kunyoa ndevu. Uliza kama anaweza kuipata ya Afrika Kusini, kule ni 230, unachomeka unaendelea. Na ukitumia batri, onduleri, kile kifaa cha kugeuza umeme wa batri, iwe ya wimbi safi. Mashini ya nyumbani inakula chini ya wati 100, si nyingi, lakini ndani kuna kadi ya elektroniki, na kadi haipendi wimbi la vipandevipande. Jambo lingine: muulize muuzaji wa SE600 umeme ukikatika katikati ya ua, mashini inakumbuka mahali ilifika? Aizime na kuiwasha mbele yako.

Mama_Debora_Katuba
Sasa mimi nitaeleza yangu, mutanisamehe urefu.

Mwaka juzi nilinunua mashini ya kubroda kwa mkono wa mtu. Jina la mashini na la mtu nayaacha. Kadri 10 kwa 10, kama ile Papa anataka. Kwaya yetu ikanipa majoho 24, satini nyeupe, kila moja njiwa ku kifua. Nikapata njiwa ya bure ku intaneti, nzuri, manyoya yanaonekana moja moja, lakini ilichorwa kwa sentimita 18. Haiingii mu kadri. Mtoto wa jirani akaipunguza ku komputa, dakika moja, nikampa soda.

Kumbe njiwa imepungua, mishono imebaki ileile. Mishono yote ya sentimita 18 imefinywa mu 10. Na chini sikuweka vizelini, ile ya kukaza kitambaa, niliweka karatasi ya kaye, juu vizelini ilikuwa imeisha na Pasaka imekaribia. Bawa la kwanza lilipita. Bawa la pili mashini ikaanza sauti nzito, du, du, du, kama askari anagonga mlango. Nilipaswa kuisimamisha. Sikuisimamisha. Sindano ikavunjika, ncha ikanipita karibu na shavu, kipande kingine kikaanguka mu nyumba ya kaneti, kile kigurudumu cha uzi wa chini, na mashini ikazunguka nacho mara mbili tatu mbele nifike ku kifungo.

Nilipoinua kitambaa, nyuzi za chini zilikuwa zimeshikamana kama lengalenga iliyosahauliwa ku moto. Satini yote imejikunja kuzunguka njiwa, na njiwa mwenyewe mgumu kama kifuniko cha chupa. Unamgonga na kucha, analia! Nyumba ya kaneti imekwaruzwa. Hapa mjini hakuna, Likasi hakuna. Ilitoka Dar es Salaam, miezi mitatu. Majoho 23 nilibroda kwa mkono usiku, na lile la 24 nilikata nikafanya foronya. Mpaka leo kuna mama mmoja wa kwaya akinipita anauliza, "Njiwa anaendelea je?"

Bibi_wa_Kigoma
Pole sana mwanangu. Ila nimecheka mpaka machozi.

Nyota_ya_Bukavu
Pole Mama Debora. Ku mashini penyewe usipunguze wala kuongeza zaidi ya asilimia 20. Ukizidisha, lazima programu ihesabu mishono upya. Ink/Stitch ni ya bure, inaingia ndani ya Inkscape, inatoa faili za PES za Brother, JEF za Janome, na nyingine. Kujifunza inachukua siku, si saa.

Fundi_wa_Kenya
Njo maana nilisema zigizaga. Mimi nikitaka njiwa mdogo, nabroda njiwa mdogo. Na hiyo Butterfly pia inaweza: funika na kibati yale meno ya kusukuma kitambaa, toa mguu, kaza kitambaa mu kadri ya mviringo, sukuma na mikono. Mwezi wa kwanza utavunja sindano, mwezi wa pili utaandika jina lako.

Lakini blanketi za vipande, hapana. Hiyo ni mambo ya Wazungu, wako na baridi na wako na wakati.

Rafia_ya_Kasai
Fundi, mu Juni na Julai wewe unalala mji gani? Baridi ya Lubumbashi inaingia mpaka mu mifupa, na watu wanatembea na kabuti asubuhi.

Halafu vipande kuwa vya Wazungu, hapo nakukatalia. Wakuba wa kwetu Kasai, wanaume wanafuma rafia, wanawake wanabroda. Ile velu ya Kasai, uzi unapitishwa chini ya nyuzi za kitambaa, unakatwa na kisu kidogo, na hakuna fundo, unashikwa na ule ufumaji uliokazwa. Na zile sketi ndefu za ngoma ni vipande vilivyounganishwa, tena na viraka vilivyoshonwa juu. Wengine wanasema viraka vilianza kwa kuziba matundu, juu rafia inatwangwa ili ilainike na inapasuka. Bibi yangu alikuwa na kimoja, alikikunja mu malle ya chuma pamoja na sabuni, hakuna mtoto aliruhusiwa kukigusa.

Fundi_wa_Kenya
Na Wakuba walikuwa na mashini?

Rafia_ya_Kasai
Walikuwa na sindano. Wewe uko na levye ya goti na bado unalalamika.

Umeme_Kampemba
Tumetoka kabisa ku swali.

Mama_Debora_Katuba
Swali limejibiwa. Asinunue ya kadri ndogo.

Nyota_ya_Bukavu
Mimi sikubali. Kwa mtu wa kupitisha wakati, 10 kwa 10 ni sawa. Abrode kipande kimoja kimoja, kila kimoja na ua lake ao jina la mtoto, kisha aviunganishe na Butterfly. Kwilti nzima inatoka ku kadri ndogo. Wewe shida yako haikuwa kadri, ilikuwa haraka.

Mama_Debora_Katuba
Haraka ilikuwa ya padri, si yangu.

Bibi_wa_Kigoma
Baba Kasapa, na mkeo anasemaje? Maana cherehani ni yake.

Kasapa_Polepole
Aksanti kwa wote. Muuzaji amenipigia mara mbili leo, sijamjibu. Nilimwuliza ile ya kuizima na kuiwasha, akasema mashini iko ku depo, ufunguo uko na mtu mwingine. Ndugu wa Michigan nimemwambia angoje.

Jana nilikata vipande vyangu vya kwanza, 40. Nilifanya kwanza kipimo cha katoni, sentimita 11 na milimita 2 kama Nyota alisema, nikakikata na makasi ya mke wangu, ile kubwa nyeusi ya kitambaa. Alinikuta ku katoni ya tatu. Butterfly imefunikwa na shuka tangu jana, nami sijauliza.

Mama_Debora_Katuba
Katoni? Na makasi ya kitambaa?? Papa Kasapa, mimi ningekufukuza ukalale mu nganda.

Mabaki_Soko
Wenye kutaka vipande vya kitenge, nakusanya ku matayeri, mafundi wa nguo, mfuko wa kilo tano nauza elfu kumi na tano. Rangi zimechanganyika, sichagulii mtu.

Bibi_wa_Kigoma
Mnaweza kuniletea mfuko mmoja hadi Kalemie? Kuna mtu wangu huvuka ziwa.

Mabaki_Soko
Kalemie naweza, ila nauli ni yako, Mama.

Fundi_wa_Kenya
Papa Kasapa, leta ile makasi kwangu kesho mbele ya saa tano, nitainoa. Franga elfu mbili. Mke wako usimwambie ni mimi.