Jinamizi linanikaba kila nikitoka zamu ya usiku, nifanyeje?

MamaHamira:
Habari zenu wakubwa kwa wadogo. Anayetaka kucheka acheke kimoyomoyo, mimi mwenzenu sina raha.

Nafanya kazi bekari, Buguruni. Naingia saa nne usiku, natoka saa kumi na moja na nusu alfajiri mikate ikishapakiwa kwenye guta. Wiki moja usiku, wiki inayofuata mchana, ndivyo bosi alivyopanga. Nikifika nyumbani nawaandaa watoto waende shule, saa moja na nusu najitupa kitandani chali, hata kilemba sijavua.

Juzi Jumanne ilikuwa mara ya tano mwezi huu. Macho yamefunguka, naiona feni, naiona kalenda ya mwaka jana ukutani, namsikia jirani anakwangua sufuria uani. Ila mwili hauna habari na mimi. Mkono hauinuki, sauti haitoki. Mara najua kuna mtu kasimama upande wa kabati. Simwoni, lakini yupo. Anapanda kitandani, godoro linabonyea miguuni, nalisikia kabisa likibonyea, kisha ananikalia kifuani. Pumzi inakuwa ya kuiba. Nasoma Ayatul Kursiy moyoni, aya zinapishana. Halafu kama kamba imekatwa, naruka, jasho tupu, feni inazunguka, hakuna mtu.

Mama mkwe anasema nimetumiwa kitu na mwenzangu wa kazini niliyemzidi cheo (cheo chenyewe kushika funguo za stoo ya unga). Kishapata mtu wa kunitazama, anataka kuku mweusi na elfu sitini. Duka la dawa walinipa Piriton. Nameza mbili nalala kama gogo, naamka kichwa kizito, na jinamizi linakuja vilevile.

Sitaki kubishana na mama mkwe, ndiye anayenilelea mtoto mdogo. Ila elfu sitini siiokoti. Hili jambo hospitalini lina maelezo?

BodaTabata:
Dada, zima hiyo feni, labda ndiyo inayokukaba 😂 Utani tu, pole sana.

TabibuWaOPD:
Pole dada. Nimekaa miaka mingi na wagonjwa wa nje, hadithi yako naijua mpaka hilo kabati. Ni kupooza kwa usingizini. Kati ya watu 100, karibu 8 huwapata walau mara moja maishani, kwa hiyo huyo mwenzako wa funguo angekuwa na kazi nyingi mno.

Iko hivi. Ukiwa kwenye usingizi wa ndoto, ubongo huifunga misuli ili usije ukarusha ngumi kweli unapoota unapigana. Vinavyobaki huru ni macho na kiwambo, ule msuli ulio chini ya mapafu. Wewe akili inaamka kufuli halijafunguliwa, na ndoto nayo haijaisha, inamalizikia humo humo chumbani. Ndiye huyo wa kabatini. Uzito wa kifuani je? Misuli ya mbavu imelegea, kiwambo kinavuta hewa peke yake. Ukijaribu kuvuta pumzi ndefu mbavu hazikutii, unaona umekaliwa. Lakini hewa inaingia, hufi.

Kwa nini asubuhi? Mwili una saa yake, na usingizi wa ndoto hupenda mno alfajiri na asubuhi. Mtu aliyekesha akijilaza saa moja na nusu anatumbukia humo haraka. Ongeza kubadilishwa zamu kila wiki, ongeza kulala chali.

Sasa nijibu. Kwa siku unalala muda gani kwa jumla? Chai ya mwisho unakunywa saa ngapi? Ukicheka sana, magoti hulegea? Huwa unapitiwa na usingizi ukiwa unaongea au unapika? Kama majibu ya haya mawili ya mwisho ni ndiyo, au mumeo anasema unakoroma na pumzi inakatika, usingoje, nenda hospitali ya rufaa, hayo ni magonjwa mengine na yana tiba yake. Kama siyo, dawa yako kubwa ni kulala muda wa kutosha, angalau saa saba kwa siku, chumba kiwe giza, na ulalie ubavu. Piriton inasinzisha, haitibu hili. Na mtu asikupe valiamu kienyeji, inageuka mazoea. Wapo wanaosumbuliwa mno mpaka daktari anawaanzishia dawa, zile zinazotumika kwa sonona, ila huanzi na hizo.

Mtu wa Wete:
Mie mwanzoni mwa 1995 nlikuwa mtoto wa chuoni, Pemba haikulala. Popobawa, hicho kitu kilichosemwa kinawavamia watu usiku. Wazee walitoa mikeka nje, tukalala kundi zima kuzunguka moto. Baadaye kikahamia Unguja, na huko mtu asiye na hatia akauliwa kwa kudhaniwa ndiye. Waliokabwa walieleza haya haya yako: mwili mzito, sauti haitoki, kitu juu ya kifua. Sisemi yote yalikuwa hilo la tabibu, mambo yalikuwa mengi na siasa zilikuwamo. Lakini sasa nnajiuliza, mji mzima unakesha kwa hofu, watu wanaibia usingizi mchana vipande vipande, si ndiko kuzidi kukabwa huko? Marehemu bibi akipita usiku kutugeuza ubavu wa kulia, akisema ndivyo alivyofundisha Mtume. Dua zako soma, na ubavu lalia. Havigombani.

MzeeWaLindo:
Mlinzi hapa. Likija usipigane nalo kwa mwili mzima, ndipo linapokaza. Mimi nachezesha kidole gumba cha mguu tu. Kikitii hicho, vingine vinafuata.

MamaHamira:
Nimerudi baada ya wiki tatu. Tabibu, magoti hayalegei na sikoromi, nimeulizia. Ila usingizi nilipouandika kwenye daftari ulikuwa saa tatu na nusu kwa siku, mwenyewe nilishtuka. Chai ya rangi ya saa kumi alfajiri nimeihamishia saa sita usiku. Dirisha nimeliziba kwa maboksi ya hamira na kitenge juu. Chandimu (kile kimpira) ya mwanangu nimeishona mgongoni mwa fulana kuukuu, nikigeuka chali inanichokonoa, narudi ubavu. Bosi kakataa kunipa zamu moja ya kudumu, kakubali tubadilishane kila baada ya wiki mbili.

Limekuja mara moja tu, Alhamisi. Nikamkumbuka Mzee wa Lindo, nikakitafuta kidole gumba cha mguu wa kulia, nikakitafuta weee, kikacheza. Godoro halikuwahi hata kubonyea.

Kuku mweusi mama mkwe alishamnunua. Yupo uani, ametaga mayai manne, na watoto hawataki kusikia habari ya kumchinja.