Muuza samaki wa mapambo hapa Mbeya kavuka mpaka. Eti nikanunue picha!

Mwanjelwa Juu:

Wakuu, heshima kwenu. Nimetoka dukani kwake sasa hivi na mikono bado inatetemeka, herufi zikipishana mnivumilie. Mnamjua. Kuanzia Uyole mpaka Iyunga hakuna mfuga samaki wa mapambo asiyemjua. Yule wa taa za bluu, hainuki kwenye kiti hata duka likiungua. Jina silitaji.

Kaniambia nikanunue picha.

Nimemfuata kistaarabu kabisa kumweleza kuwa samaki aliyeniuzia akiwa wa njano sasa ni mweusi tii, na kawatafuna wenzake mapezi mpaka wamebaki vijiti. Mbele za wateja, bila kunyanyua hata kope, akajibu: "Kama unataka samaki asiyebadilika rangi, kanunue picha ubandike ukutani." Watu wakaangua kicheko. Kuna mama alikuwa anachagua kokoto, alicheka mpaka kokoto zikamwagika.

Sasa tuongee kitaalamu. Samaki mwenyewe ni auratus, kwa jina kamili Melanochromis auratus, mmoja wa mbuna, wale samaki wa kwenye miamba ya Ziwa Nyasa. Wakiwa wadogo, dume na jike wote ni wa njano inayong'aa, na mistari myeusi imepita ubavuni kutoka kichwani hadi mkiani. Jike kwa kawaida hubaki hivyo hivyo. Dume akishakomaa na kuona yeye ndiye mbabe wa tangi, anageuka: mwili unakuwa mweusi na mistari ndiyo inakuwa myeupe au ya buluu hafifu. Siyo ugonjwa wala maji machafu. Ni homoni na ubabe. Ukimwondoa huyo mweusi, dume anayemfuatia kwa nguvu naye anaanza kuiva. Jambo hili kila muuza mbuna duniani analijua!

Kwa nini basi kwenye kioo kaandika kwa maka pen: MBUNA WA NJANO, MPOLE, ANAKAA NA GOLDFISHI?

Mpole! Auratus! Watu wenye matangi ya lita 400 wanafikiria mara mbili kabla ya kumweka. Anamshambulia kila mwenye rangi inayofanana na yake, na asiyefanana naye pia hapati usingizi. Mbuna wa njano mwenye afadhali yupo, anaitwa Labidochromis caeruleus: njano mwili mzima, ubavuni hana mstari hata mmoja, weusi uko kwenye ukingo wa pezi la mgongoni na mapezi ya chini. Hukua kama sentimita 10. Kuwatofautisha hawa wawili ni kutupa jicho tu, na yeye anashinda nao kutwa nzima.

Na goldfishi? Goldfishi anataka maji ya nyuzijoto 18 hadi 22, mbuna anataka 24 hadi 27. Mmoja atateseka tu, hata wangekuwa wote watakatifu. Tena hawa goldfishi wa mikia mirefu wanaogelea taratibu, kwa mbuna mkia ule ni majani ya kuchuma.

Halafu eti kamvua Matema kwa mkono wake. Wakuu, Matema ni ncha ya kaskazini ya ziwa. Auratus ni wa upande wa kusini, huko Malawi. Alitupa ndoana ya urefu gani?

Chakula alichonipa ni unga wa dagaa. Mbuna wengi wanakwangua mwani kwenye mawe, utumbo wao ni mrefu, umeumbwa kwa majani. Ukiwashindilia protini ya nyama wanapata ugonjwa wa kuvimba: anakataa kula, tumbo linajaa, kinyesi kinakuwa uzi mweupe, na akifikia hapo kupona ni bahati. Wape chakula cha spirulina (aina ya mwani), mchicha uliopitishwa maji ya moto, njegere zilizomenywa ganda. Kidogo, mara mbili kwa siku, kiishe ndani ya dakika mbili.

Haya yote nilimweleza kwa sauti ya chini. Jibu lake: picha. Nimelipia samaki hai, nimelipia pampu, nimelipia hita, halafu niambiwe PICHA? Picha inahitaji hita?

Tumsuse huyu mtu.

Uyole Baridi:

Siti ya mbele. Mkuu, uzi bila picha hatuuelewi.

Mwanjelwa Juu:

Na wewe unaanza!

Uyole Baridi:

Picha ya samaki mkuu, siyo ya kubandika ukutani 😂

Ngonga Stendi:

Mleta mada kwenye rangi yuko sahihi, ndaga. Nyongeza: jike mbabe naye anaweza kuwa mweusi kama hakuna dume wa kumtuliza, kwa hiyo rangi peke yake isikupe uhakika. Na yale madoa ya njano kwenye pezi la chini karibu na mkia, yanayofanana na mayai, yasikudanganye, majike wengi wanayo pia. Uhakika ni siku utakayomwona mmoja kidevu kimetuna, anatafunatafuna hewa na hali chakula. Huyo ni jike, kabeba mayai mdomoni. Atakaa nayo kama wiki tatu mpaka vifaranga watoke, usimsumbue.

Cha kufanya leo: mtie huyo mweusi kwenye kontena la plastiki ulilotoboa matundu mengi, liache humo humo ndani ya tangi siku tatu nne. Wakati yuko jela, toa mawe yote uyapange upya, mapango yahame kabisa. Mrudishe usiku taa zikiwa zimezimwa. Akitoka hana mtaa, anaanza moja na wenzake. Mawe yafike karibu na uso wa maji, na uyaweke moja kwa moja juu ya kioo cha chini kabla ya mchanga. Mbuna wanachimba. Jiwe lililokaa juu ya mchanga litaporomoka na kupasua kioo.

Tangi lako lina ukubwa gani?

Mwanjelwa Juu:

Sentimita 60 kwa 30 kwa 30.

Mnyalu wa Kihesa:

Kamwene wakuu. Nimesoma nimefika hapo kwenye 60 kwa 30 kwa 30 nikaweka simu chini. Hizo ni lita 54, ukitoa mawe na mchanga zinabaki kama 45. Mkuu, hilo ni bakuli la supu! Mbuna wanataka tangi lenye urefu wa sentimita 120, lita 200 kwenda juu, na dume mmoja kwa majike wanne. Ukiweka wengi kidogo ugomvi unagawanyika, hakuna mmoja anayebeba kipigo chote, lakini hapo filta iwe na nguvu ya kuzungusha maji yote ya tangi mara sita hadi nane kwa saa. Wewe umewafungia chumba kimoja wapigane, halafu unashangaa.

Muuzaji kakosea mdomo. Ila kwa tangi hilo, picha ndiyo ingekutosha.

Mwanjelwa Juu:

TANGI KANIUZIA YEYE. Kasema linabeba mbuna kumi na wawili. Na siyo alichosema tu, ni namna alivyosema. Hakunyanyua hata kope!

Mama Gapi:

Huyo huyo kaniuzia gapi "madume matupu, hawazaani". Gapi dume ana sentimita tatu, mwembamba, mkia wa rangi, na pezi la chini limekuwa kijiti. Jike ana tano mpaka sita, rangi ya kijivu, pezi la chini ni pembetatu, na nyuma ya tumbo ana doa jeusi. Wakiwa wachanga hawatambuliki kirahisi, na yeye kaniuzia wachanga. Jike akishapandwa mara moja anahifadhi mbegu, anazaa karibu kila mwezi kwa miezi mingi hata dume asiwepo. Nyumba nzima ni gapi. Ndoo gapi, beseni gapi, majirani wote wameshapewa, sasa wananikwepa. Wewe umeambiwa picha, mimi niliambiwa nikaange.

Njombe Ukungu:

Hayo yote madogo. Kubwa kuliko yote ni ule wimbo wake wa "samaki hukua kulingana na tangi". Anawaambia watu waweke goldfishi kwenye bakuli la duara mezani, eti atabaki saizi ya kidole.

Goldfishi wa kawaida hufika sentimita 20 hadi 30, wale wa mikia ya shela 15 hadi 20, na akitunzwa anaishi miaka 10 na kuzidi. Kwenye bakuli anadumaa, ni kweli, lakini siyo kwamba kajipima akaamua kutosheka. Anadumaa kwa sababu anaishi ndani ya uchafu wake. Goldfishi anakula sana na kutoa amonia nyingi. Kwenye tangi lililokomaa, bakteria wa kwenye sponji ya filta wanageuza amonia kuwa naitraiti, kisha naitreti ambayo haina makali sana. Bakteria hao wanachukua wiki nne hadi sita kujaa. Bakuli halina filta, kwa hiyo amonia inabaki pale pale inamuunguza matamvua. Utamwona anahema juu juu, mapezi kayakunja, halafu siku moja yuko ubavu. Mwenye bakuli anaenda kununua mwingine. Ndiyo biashara ilivyo hiyo.

Na mnaoosha sponji bombani mpaka iwe nyeupe, klorini inaua bakteria wote mnaanza upya. Isuuzeni kwenye ndoo ya maji mliyoyatoa tangini, basi. Maji mapya yakae ndoo wazi saa 24, au tumieni dawa ya kuondoa klorini. Badilisheni robo kila wiki, siyo yote.

Mnyonya Kioo:

Kwenye kukua mimi nina la kwangu. Kaniuzia yule kambare wa kunyonya kioo, sentimita nne, "fundi usafi, hutagusa tangi tena". Hawezi kusafisha tangi, anakula mwani kidogo na kunya kutwa kucha. Samaki huyu asili yake Amerika Kusini na anafika sentimita 40. Wangu akigeuka, maji yanamwagika sebuleni. Akizeeka anaacha mwani, anawanyonya ute wenzake usiku.

Mwanjelwa Juu:

Poleni, lakini kuna yeyote kati yenu aliyeambiwa akanunue picha? Mbele za watu?

Mafinga Usiku:

Ninyi wa Mbeya mnalalamikia mdomo wa mtu, huku Mafinga tunapambana na Julai. Hita ya wati 50 kwa lita 54 itapandisha kama nyuzi tano juu ya joto la chumba. Chumba kikishuka 15, maji yanaishia 20, mbuna amesimama kwenye kona hali. Piga wati mbili kwa kila lita, na kipimajoto kikae upande wa mbali na hita. Kabla ya kutoa maji chomoa hita na usubiri ipoe, ikibaki hewani ikiwa ya moto kioo chake kinapasuka.

Sasa umeme ukikatika usiku ndiyo kesi. Hapo ndiyo naomba tuongee, maana huku ni kila wiki.

Ngonga Stendi:

Pampu ya hewa ya betri ndiyo ya kwanza, kabla ya blanketi. Huko juu kwenu kanieneo (mgandamizo) la hewa ni dogo, maji ya joto lile lile yanashika oksijeni kidogo kuliko ya huku Kyela. Kisha funika tangi kwa blanketi pande zote, acha upenyo juu. Usilishe. Umeme ukirudi baada ya saa nyingi, usiwashe filta ya ndoo, ile inayokaa nje ya tangi, moja kwa moja, maji yaliyolala ndani yake yameoza. Yamwage, suuza sponji kwa maji ya tangi, ndipo uwashe.

Uyole Baridi:

Mimi nilitandika godoro zima, tangi likaanza kuvuja. Fundi wa vioo kasema ni baridi.

Mnyalu wa Kihesa:

Baridi wapi! Mafundi wa madirisha wanatumia silikoni ya bafuni yenye dawa ya kuzuia ukungu. Hiyo ni sumu kwa samaki na wala haishikilii uzito. Tafuta iliyoandikwa ya akwariamu, au silikoni asilimia 100 isiyo na dawa, ile inayonuka siki.

Mama Gapi:

Huyo fundi namjua, yule wa pikipiki nyekundu. Kanitengenezea tangi lina kona tano.

Mafinga Usiku:

Huyo huyo! Kachukua hela ya awali akazima simu. Tangi langu alikata kioo cha chini kifupi akajazia pengo kwa silikoni.

Uyole Baridi:

Sasa nikipaka juu ya ile ya zamani itashika?

Mnyalu wa Kihesa:

Haishiki. Silikoni mpya haiungani na iliyokauka. Kwangua yote ya ndani kwa wembe, futa kwa spiriti mpaka kitambaa kitoke safi, bandika tepu pande zote mbili, paka mkupuo mmoja, lainisha kwa kidole, bandua tepu kabla haijaganda. Dukani watakwambia saa 24. Kwa baridi ya huku acha wiki nzima, mpaka harufu ya siki iishe. Chini ya tangi weka shiti la sponji, na meza uipime kwa pima maji: lita 200 ni kilo 200 kabla hujahesabu kioo na mawe.

Mwanjelwa Juu:

Wakuu, mada ilikuwa picha.

Mama Gapi:

Kwa tangi la 120, kimo 50, kioo cha milimita ngapi? Huyu wa pikipiki anasema sita inatosha.

Mnyalu wa Kihesa:

Kumi. Sita utakiona kinabenuka katikati siku hiyo hiyo ya kujaza. Na asikurudishie vioo vya madirisha vilivyokwaruzwa, kila mkwaruzo ni mahali pa kupasukia.

Mafinga Usiku:

Mwambie akuletee risiti ya kioo. Hapo ndipo atakapozima simu.