Mdogo wangu ana baipola, anakunywa, na usingizi umekata kabisa. Tuanzie wapi?

Mama Kihesa
Kamwene wakuu. Naomba msaada kwa wenye ujuzi. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 27, yuko Mafinga. Ana baipola, ule ugonjwa wa akili wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, na ameandikiwa kabamazepini, dawa ya kuzituliza, miligramu 200 asubuhi na jioni. Kila jioni ni ulanzi, msimu ukiisha ni gongo, na bangi juu yake. Sasa analala saa nne usiku akiwa amelewa, saa sita na nusu yuko macho mpaka kunakucha. Alianza kununua Valium duka la dawa, kimoja, sasa anameza viwili na bado halali. Kuna jirani anasema apewe amitriptilini. Wazee wanataka tumfungie ndani, aache pombe na vidonge vyote kuanzia leo. Ni sawa? Na kama si sawa, tuanze na lipi?

Muuguzi Uyole
Mama Kihesa, msimfungie na msimkatishe ghafla. Hilo ndilo la kwanza, wazee waelezwe leo hii.

Mwili uliozoea pombe kila siku ukinyimwa ghafla, mikono huanza kutetemeka na jasho kumtoka kati ya saa 6 na 12 baada ya kikombe cha mwisho. Kifafa kinaweza kumwangusha ndani ya saa 48. Siku ya pili hadi ya nne anaweza kuchanganyikiwa, akaona wadudu ukutani, homa ikapanda. Ukikata na Valium siku hiyo hiyo, hatari ya kifafa inaongezeka. Watu hufa kwa hali hii, na aliyefungiwa chumbani hakuna anayemwona akianguka. Kuacha kwa mtu kama huyu kunafanyika hospitali: anapewa dawa ya kutuliza kulingana na dalili, inapunguzwa siku hadi siku. Anapewa pia vitamini B1, na kwa aliyekuwa anakunywa bila kula B1 itangulie kabla ya dripu ya glukosi, kwa sababu sukari ikitangulia inamaliza akiba ndogo ya B1 iliyobaki na ubongo unaumia.

Pili, angalieni kama amepanda au la. Baada ya hizo saa mbili na nusu, anaamkaje? Akiamka hoi, macho mazito, anautamani usingizi na haupati, huyo amekosa usingizi. Akiamka mwepesi, maneno yanamtoka mbio, ana mipango mitatu ya biashara, anagawa hela na hataki kukaa, huyo amepanda: mwili wake hauoni haja ya kulala. Hapo chai ya majani yoyote na maji ya moto ni kupoteza muda, anahitaji dawa ya kumshusha ndani ya siku moja au mbili, msingoje kliniki ya mwezi ujao. Usiku bila usingizi unampandisha zaidi, na kadiri anavyopanda ndivyo usingizi unavyomkimbia.

Ndiyo maana amitriptilini isiguswe. Ni dawa ya sonona. Inaleta usingizi, ndiyo, lakini mwenye baipola inaweza kumrusha juu kabisa, na akizidisha inavuruga mapigo ya moyo.

Mpelekeni hospitali hapo Mafinga au Rufaa ya Mkoa Iringa. Ikibidi wataandika rufaa kwenda Rufaa ya Kanda Mbeya au Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili Dodoma. Nendeni na karatasi: anakunywa lita ngapi kwa siku (msiandike "kidogo"), kikombe cha mwisho saa ngapi, vidonge vingapi na vya miligramu ngapi, bangi mara ngapi, na saa alizolala kila usiku kwa wiki nzima. Daktari akiiona hiyo anaamua haraka, na mgonjwa hapati nafasi ya kupunguza hesabu.

Mfamasia Mwanjelwa
Naongeza upande wa dawa.

Valium ikimezwa kila usiku, ndani ya wiki chache mwili unaizoea. Dozi ile ile hailazi tena, na mtu anaongeza. Ikikutana na pombe au unga (heroini), inazima pumzi. Akilala amelewa na amemeza, mlazeni ubavu ili matapishi yasimpalie. Akikoroma kwa kukwama, midomo ikibadilika rangi au asiamke mkimtikisa, mkimbizeni hospitali. Msiseme "mwacheni alale". Kuiacha ni kwa kupunguza dozi kidogo kidogo, kati ya sehemu moja ya kumi na robo kila wiki mbili, daktari akijua.

Kabamazepini nayo isikatwe ghafla, hata siku anazokunywa. Lakini ina tabia ya kuliharakisha ini lisafishe dawa nyingine. Huku Nyanda za Juu Kusini, ambako VVU viko juu kuliko mikoa mingi, hili linasahaulika mno: anayetumia ARV zenye dolutegraviri akianzishiwa kabamazepini anahitaji miligramu 50 mara mbili kwa siku badala ya mara moja, la sivyo dawa inapungua mwilini. Anayekunywa methadoni, dawa ya kuachia heroini, naye anaweza kurudiwa na arosto (maumivu ya kukosa dawa) usiku, kabla ya dozi ya kesho: jasho, mifupa inauma, usingizi hakuna. Wengi huona methadoni ndiyo imeshindwa.

Akibadilishiwa akapewa lithiamu, damu ipimwe saa 12 baada ya kidonge cha mwisho, na asinunue diklofenaki wala ibuprofeni kwa maumivu, maana zinaipandisha lithiamu mpaka iwe sumu. Kutapika, kutetemeka sana na kuyumba akitembea ndizo dalili.

Na hiyo saa sita na nusu ina sababu. Pombe inalaza nusu ya kwanza ya usiku. Ikianza kuisha mwilini, ubongo unashtuka.

Mshauri Tukuyu
Yakishatulia hayo, sasa usingizi wenyewe. Saa ya kuamka iwe moja, mfano saa 12 asubuhi, hata kama amelala saa tisa. Kuanzia saa tatu usiku taa kubwa izimwe, simu ikae chumba kingine. Akigeuka kitandani kama dakika 20, atoke akae kwenye mwanga hafifu, arudi usingizi ukija. Kuna mbinu ya kubana muda wa kitandani ili usingizi ukomae. Kwa mwenye baipola usishushwe chini ya saa 6 na nusu, maana kumnyima usingizi kunaweza kumpandisha. Chai na kahawa mwisho mchana.

Bangi ikiachwa, usingizi huharibika zaidi wiki ya kwanza na ndoto mbaya zinakuja, kisha inapungua taratibu kwa wiki kadhaa. Aambiwe mapema, wengi hurudia hapo hapo.

Halafu baridi ya Juni na Julai: blanketi na soksi. Jiko la mkaa lisiingie chumbani kabisa. Moshi wake usioonekana unaua, na aliyemeza Valium hawezi kuamka kujiokoa.

Mama Kihesa
Mungu awabariki. Anaamka mwepesi, na hela anagawa kweli. Akikataa kwenda je?

Muuguzi Uyole
Basi amepanda, nendeni kesho asubuhi. Msimtajie pombe wala baipola. Mwambieni mnakwenda kutafuta dawa ya usingizi, jambo ambalo na yeye analitaka, na ni kweli. Aende na mmoja anayemsikiliza, msiwe kundi. Asiongezewe Valium ili kumlegeza njiani. Akigoma, na akawa hatari kwake au kwa wengine, Sheria ya Afya ya Akili ya 2008 ina utaratibu wa kumlaza bila ridhaa yake: ndugu aende kwa daktari wa hospitali au ofisi ya ustawi wa jamii, wamwelekeze. Hapo hapo ulizeni msamaha wa gharama. Na usiku huu alale na mtu chumbani.